Rafu ya Mbele ya Bwana Stoo

Shemeji yangu hajawahi kuingia jikoni kwangu akatoka bila kuhamisha kitu. Anakuja kutusalimia, anakaribishwa, anakaa, na kabla maji ya chai hayajachemka ameshasimama na kufungua makabati. Ananiuliza kwa sauti ya daktari, "Shem, sufuria hii kubwa unaitumia lini?" Nikimwambia siitumii mara kwa mara, inapandishwa juu kabisa. Mwiko ninaoushika kila siku unashushwa na kutundikwa karibu na jiko. Zamani nilikuwa namgombeza. Hata sasa namgombeza, ila vitu naviacha pale alipoviweka, kwa sababu mkono unavifikia vizuri, na hilo sitalisema mbele yake hata mnivute ulimi.

Kwake ndiko kwenye kazi. Mdogo wangu, aliyempenda mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, ameolewa na mwanamume anayekaa kwenye kigoda jikoni akitazama mke wake anashika nini kwanza na nini baadaye. Halafu mke akitoka tu, anapanga upya jiko zima. Binti yao huwa ananipigia simu na kuninong'oneza, "Mama mkubwa, baba kahamisha chumvi tena. Mama kanuna." Mimi nacheka mpaka machozi, kisha nampigia mdogo wangu kumpa pole, naye ananiambia nisicheke sana, maana hiyo chumvi sasa iko mahali pazuri.

Kazini wanamwita Bwana Stoo. Tuko pamoja kwenye kituo kimoja cha redio. Mimi natangaza kipindi cha asubuhi, na yeye anatunza maktaba ya sauti: mahojiano, taarabu, mechi, hotuba, michezo ya redio, kila kilichowahi kurekodiwa pale na hakikupotea. Alianza kazi wakati sauti zote ziko kwenye kanda. Ni yeye aliyezihamishia kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na kanda haina njia ya mkato. Ya saa moja itakula saa yako moja. Kwa hiyo miaka ya ujana wake aliimaliza kwenye kiti kilichopasuka, vidude masikioni, akisikiliza watu waliokwisha kuzeeka wakizungumza wakiwa vijana. Ukimtajia mchezo wowote wa zamani atakuigizia sauti zote, pamoja na ya mbuzi.

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi, baada ya choo, na ni baridi kuliko mahali pengine popote katika jengo. Ukiingia bila sweta unatoka unapiga chafya. Ndani kuna kabati la chuma lililojaa diski zinazozunguka usiku na mchana, na taa ndogo za kijani zinakonyezakonyeza. Diski hizo zinabeba vitu vingi ajabu, lakini mwendo wake ni mzito. Kila mtu kwenye ofisi yake akiomba sauti, kompyuta inaiagiza kule, diski inatafuta, na wewe unangoja. Wakiomba watu wengi kwa pamoja, mnangoja wote. Mlalamikaji mkuu nilikuwa mimi. Mtangazaji anayengoja muziki wake huku kipaza sauti kiko wazi anajua maana ya kutokwa na jasho jembamba, na mimi nikitoka studio nilikuwa namfuata shemeji hadi chumbani kwake nikiwa nimepandwa na hasira, namwambia mbele za watu kwamba mdogo wangu angeolewa na kobe tungefika mapema.

"Diski zenyewe ni za polepole, shem," alikuwa akinijibu bila kukasirika. "Mimi nitazipiga viboko?"

Dawa aliijua. Kuna hizi SSD, diski zisizozunguka kabisa, ndogo za kutoshea kiganjani, na zina mbio hasa. Tatizo ni kwamba huwezi kulijaza kabati zima kwa hizo. Bei yake ingemfanya Mkurugenzi wetu azimie. Basi yeye aliomba mbili tu. Siku alipokwenda kuzitetea nilikuwepo, na Mkurugenzi, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alimuuliza diski mbili zitabebaje maktaba nzima.

"Hazitabeba, bosi. Kwani nyumbani chumvi unaiweka wapi?"

"Jikoni."

"Na gunia la mchele?"

"Stoo."

"Sasa kila ukipika unaingia stoo kufuata chumvi? Hizi mbili ni rafu ya mbele. Maktaba inabaki kulekule nyuma. Mtu akiomba sauti, inatolewa nyuma, na nakala yake inaachwa hapa mbele. Akiiomba tena, au mwenzake akiiomba, anaikuta mkononi. Isipoombwa muda mrefu, inaondolewa kwenye rafu, inampisha mwenzake. Ile ya nyuma haiguswi."

Mafundi wengine wanaita kache. Sisi wote pale tunaita rafu ya mbele, na tangu siku alipoifunga, muziki wangu unafunguka kabla sijaondoa kidole. Nilimpongeza kwa kumwambia kwamba sasa mdogo wangu ameolewa na sungura. Alifurahi, akaenda kumsimulia mke wake, wakanicheka wote wawili.

Mambo yangeishia hapo kama kabati la nyuma lisingeanza kuzeeka. Diski moja ilikufa, ikabadilishwa, ikafuata nyingine. Mkurugenzi akapiga mahesabu yake na kutangaza kikaoni kwamba atapeleka pendekezo kwa bodi: sauti zote za zamani zifutwe, tubaki na za miaka ya karibuni, kabati lipunguzwe nusu. "Hakuna mtu kwenye jengo hili anayeziomba," alisema. "Tunapoza hewa na kulipia umeme kwa ajili ya vitu visivyosikilizwa na mtu yeyote."

Nilimtazama shemeji. Miaka yake yote ya kiti kilichopasuka ilikuwa ndani ya lile kabati, na ilikuwa inakwenda kufutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mdogo wangu aliniambia kwamba jioni ile mume wake aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, na hakuhamisha kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameumia.

Aliomba jambo moja: bodi ikija Jumatatu, apewe nafasi ya kuwaonyesha. Waombe sauti yoyote, ya juzi au ya zamani, wasikie wenyewe. Mkurugenzi akakubali. Ni mkali, lakini haki anaijua. Kwa kweli hatukuwa tunamjua sana. Kila asubuhi akifika alikuwa anafunga mlango kabla ya kuonana na mtu, na katibu wake anatuambia tusubiri, anasoma ripoti.

Sasa nije kwenye kosa, na kosa hili angeweza kulifanya shemeji yangu peke yake. Wageni wanakuja, mtu mwenye adabu zake anafanya nini? Anafagia. Jumapili mchana shemeji alikwenda kazini, akapangusa kabati, akafunga nyaya kwa vibano, akapiga deki. Nafsi yake bado haikuridhika. Akaona rafu ya mbele imejaa vitu vya kila namna, matangazo ya sabuni, vipande vya mechi, na muziki wangu. Akaona haya wageni wakute rafu imevurugika. Akaisafisha yote. Ikabaki tupu, inang'aa. Halafu, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia kazini, akaziwasha diski za nyuma zijikague zenyewe moja baada ya nyingine, ili awaambie wageni kwamba zote ni nzima. Ukaguzi huo huchukua siku nyingi, na zikiwa zinajikagua, ule uzito wa mwendo unaongezeka maradufu. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu asubuhi nikafungua kipaza sauti, nikawaamkia wasikilizaji, nikabonyeza muziki. Kimya. Nikawaamkia tena. Kimya. Niliwaamkia wasikilizaji wale mpaka nadhani wengine walianza kunijibu. Nikasimulia hali ya hewa, nikasimulia ndoto niliyoiota, nikaanza kuwasimulia juu ya sufuria yangu kubwa, ndipo muziki ukaja. Nilipotoka studio sikupita ukumbini, nilipaa.

"Wewe kobe!" nilisema kabla sijafika mlangoni. "Umeifanya nini mashine?"

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya kabati lake, mikono kichwani. "Nimeisafisha, shem."

"Umeisafisha nini?"

"Rafu. Haina kitu. Kila kitu kinatoka nyuma." Akanitazama kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu. "Na nyuma nimewapa kazi nyingine."

"Si uwaachishe!"

"Nimeshawaambia waache. Hawasikii. Sijui wamekwama wapi."

Hasira zangu zina sifa moja nzuri: hazikai. Nikavua viatu vya kisigino, nikamuuliza tunafanyaje. Akasema rafu hujazwa kwa kuombwa tu, hakuna njia nyingine. Tukipata watu wa kuomba sauti nyingi kabla wageni hawajafika, zitakuwa zimeshakaa mbele. Nikaenda mlango kwa mlango. Wa mapokezi, dereva, mhasibu, wote niliwakalisha kwenye kompyuta: ombeni sauti, ombeni za zamani, haraka! Na jamani, mwombe mtu afungue kitu cha kale uone atafungua nini. Dereva alifungua fainali ya mpira ambayo timu yake ilishinda. Dada wa mapokezi alifungua mchezo wa mapenzi, akafika mahali pa kuachana, akaanza kufuta machozi, akaurudia. Mhasibu alifungua mahubiri. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuhama alipo. Kufikia wakati gari la wageni linaingia getini, rafu yetu ya mbele ilikuwa na mpira, machozi na mahubiri.

Tukaingia wote ukumbi wa mikutano, sisi wafanyakazi tukajipanga ukutani. Mwenyekiti wa bodi ni mzee mnene mcheshi, anapenda biskuti. Mkurugenzi akasoma maelezo yake yote, umeme, baridi, diski zinazokufa, akamalizia na lile neno lake, kwamba sauti hizi za zamani hakuna anayeziomba. Nilimwona akisita kidogo kabla ya kulisema, lakini alilisema. Kisha akamwachia shemeji.

"Haya, Bwana Stoo," akasema Mwenyekiti. "Nipe ile hotuba ya ufunguzi wa kituo."

Shemeji akaiomba. Tukangoja. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Mwenyekiti akala biskuti. Akala ya pili. Mjumbe mmoja akatazama saa yake, mwingine akatazama dari. Mimi nilikuwa nimebana kwenye kona, roho juu. Sauti ilipokuja, ilikuja na kukwamakwama, na Mwenyekiti mwenyewe akasema basi, basi, tumesikia. Akaomba mahojiano fulani. Kiduara tena. Shemeji alikuwa anatokwa na jasho, na mtu yule anaishi kwenye chumba cha barafu. Nilimwonea huruma hadi nikatamani kwenda kumshika mkono, mimi niliyemwita kobe asubuhi ileile.

"La mwisho," akasema Mwenyekiti kwa upole, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Kulikuwa na kipindi cha watoto, sisi tukiwa vijana. Kimebaki chochote?"

"Kanda zake ziliingia maji, mzee. Imepona moja tu."

"Basi nipe hiyo hiyo."

Shemeji akabonyeza, na hapohapo, hata hajainua mkono, sauti ya mtoto wa kike ikajaa ukumbini ikiimba wimbo wa kuhesabu. Mwenyekiti akashtuka, biskuti ikaanguka. Wajumbe wakageuka. Mimi nikataka kupiga kelele za furaha.

"Ahaa!" akasema Mwenyekiti. "Kumbe mashine yako ni nzima!"

Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo mzee, akafunga kompyuta, akashukuru. Shemeji yangu aliikunjia uso ile kompyuta kama anavyoikunjia uso chumvi iliyo mahali pasipo pake. "Hapana," akasema. "Hii haikupaswa kufunguka hivi. Rafu niliisafisha jana mwenyewe. Kama iko mbele, basi kuna mtu kaiomba leo."

Nilimkanyaga mguu. Hakuelewa.

"Nani?" Mwenyekiti akauliza, akitutazama sisi tuliojipanga ukutani.

"Mimi nilikuwa na mpira," dereva akasema upesi.

"Mimi mchezo," akasema dada wa mapokezi, macho bado mekundu. Mhasibu akasema yeye ni mahubiri na anaweza kurudia aliyoyasikia.

Sauti ilikuwa inaendelea. Mtoto alimaliza wimbo, na mtangazaji wa enzi hizo akamuuliza, "Haya, mdogo wangu, ukiwa mkubwa unataka kufanya kazi gani?" Mtoto akajibu bila kufikiri, "Nataka kuwa mkubwa wa redio. Wote mnisikilize." Na nyuma yake, mbali kidogo na kipaza sauti, mwanamume akaangua kicheko, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, kinachopanda, kinakatika, kinaanza tena. Mtangazaji akasema, "Baba mtu, tulia basi, tunarekodi," na kicheko kikazidi.

"Ni mimi," akasema Mkurugenzi.

Alikuwa amevua miwani, inaning'inia kwenye kamba yake. "Niliyeiomba ni mimi. Na huyo anayeimba ni mimi. Na huyo anayecheka ni baba yangu." Akaishika miwani. "Picha zake ninazo. Sauti yake sina, ila hapo. Kila asubuhi nikifika naisikiliza, halafu naanza kazi."

Katibu wake alitazama chini. Ripoti zote zile!

"Sasa mbona ulitaka zifutwe?" Mwenyekiti akauliza, na hakuuliza kwa ubaya.

"Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilipanga kuchukua nakala yangu nyumbani, nyingine ziende. Lakini leo asubuhi niliibonyeza, haikufunguka. Nikangoja. Nikadhani Bwana Stoo ameshaanza kuzifuta kabla ya kikao. Niliogopa, wazee wangu. Nilikaa pale ofisini nikilia kama huyo mtoto, mpaka ikaja." Akamgeukia shemeji. "Kumbe ulikuwa unafagia."

"Nilikuwa nafagia, bosi," akasema shemeji. "Nisamehe."

Mwenyekiti aliokota biskuti yake sakafuni. Kisha akamwuliza dereva ile fainali ilikuwa ya mwaka gani, maana na yeye alikuwepo uwanjani. Wakaanza kubishana juu ya bao la pili, na hapo nikajua kazi imekwisha. Mkurugenzi mwenyewe aliliondoa pendekezo lake kabla chai haijaletwa. Kabati likapata diski mpya kidogo kidogo, na diski zilizozeeka zikastaafishwa kwa heshima.

Shemeji alirudi nyumbani jioni hiyo akahamisha jiko zima, hadi kibiriti kikapotea. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amekasirika, lakini nilimsikia akicheka.

Baadaye nilimwambia shemeji kwamba ile sauti ya mtoto angeifunga kabisa kwenye rafu ya mbele, isiweze kuondoka, apate kusifiwa na bosi. Inawezekana, mwenyewe aliniambia ni kubonyeza mara moja. Alikataa kata kata. Alisema rafu haina upendeleo, sauti ile ikiacha kuombwa itarudi nyuma kama nyingine zote, na hataiba zamu ya mtu.

Mkurugenzi siku hizi hafungi mlango. Ukipita ukumbini asubuhi unasikia kile kicheko kinapanda, kinakatika, kinaanza tena, na wapitaji wanacheka nacho bila kusimama. Shemeji hajaifunga ile sauti kwenye rafu, na haijarudi nyuma hata siku moja.